Mbavu za Bwana Pamba

Mama Viatu, anayeuza viatu vya mtumba ng'ambo ya barabara, anasema mzee wa kiwanda cha magodoro alikuwa maiti kamili. Si kuzimia, si kizunguzungu, maiti. Anasema alikwisha kuwa wa baridi, shuka limevutwa mpaka usoni, mtu ameshatumwa kuita jamaa, ndipo binti mmoja mshonaji, yule mwembamba asiyesema, akapenya katikati ya wanaume akampulizia mzee pumzi moja mdomoni. Moja, jamani, siongezi wala sipunguzi! Mzee akapiga chafya, akaketi, akauliza nani kachukua kofia yake.

Anaisimulia vizuri. Akifika kwenye chafya hupiga chafya yeye mwenyewe, na mteja aliyekuja kutafuta kandambili hujikuta kasimama nusu saa na kiatu kimoja mkononi.

Ila siku ile Mama Viatu hakuwapo. Alikuwa amefuata mzigo.

Yaliyotokea ni haya. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na wote kiwandani walikuwa kwenye kazi zao. Kiwanda chenyewe ni ukumbi mmoja mrefu wenye bati juu na vumbi la pamba kila mahali, mpaka kwenye kope za watu. Babu, mwenye kiwanda, alishuka kutoka chumba chake cha juu kama kila siku, ngazi kumi na nne, mkono ukutani. Miaka tisini na tisa. Uendeshaji alishamwachia mwanawe zamani, lakini ukaguzi hakumwachia mtu. Alipita godoro hadi godoro akibonyeza pembe kwa kidole gumba. Pembe ikizama kupita kiasi alisema, "Hapa pana njaa," na mshonaji akafumua, akaongeza pamba, akashona upya. Hakuna aliyebisha.

Alipofika godoro la nne alibonyeza, akanyamaza, kisha akaliangukia lote, chali. Hakuna aliyeshtuka. Godoro jipya Babu alikuwa akilijaribu kwa mwili, ndio utaratibu wake. Mkata vitambaa, mcheshi waliyemwita Mkasi, akasema, "Leo kalipenda. Mleteeni na mto." Watu wakacheka.

Aliyeacha kucheka wa kwanza ni yule binti mwembamba. Wenzake walimwita Subana, kwa kuwa subana yake, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, hakuivua hata wakati wa kula. Ukiondoa kushona, kazi yake kubwa ilikuwa kuangalia. Akaona kofia ya Babu iko sakafuni. Akangoja ainame aiokote, au aagize. Mzee yule hakuwa mtu wa kuacha kofia chini hata kwa kufumba na kufumbua.

"Hapumui," alisema, na kwa kuwa alikuwa hasemi mara kwa mara, wote walimsikia.

Hapo lazima niwarudishe nyuma miezi miwili. Mwalimu wa huduma ya kwanza alikuwa anapita kwenye viwanda vya mtaa ule, siku moja moja, kufundisha watu namna ya kumshika mgonjwa kabla hajafika hospitali. Kwao alikuja mikono mitupu. Mdoli wake wa kufundishia ulikuwa umepasuka kifua kwa waseremala, wanaobonyeza kama wanapigilia misumari. Alitaka kuahirisha, lakini Bosi, mtoto wa Babu, akacheka.

"Mwalimu, umekuja kwa watu wa kujaza na kushona, halafu ukose mtu? Tupe nusu saa."

Wakamkatia kitambaa cha godoro, wakamshona, wakamjaza, wakamtia vifungo viwili vya macho, na jina wakampa: Bwana Pamba. Mkasi alisema huyu ndiye mume, hajibu wala haulizi chakula. Mwalimu akaonyesha. Mgonjwa alale pagumu, maana akiwa kwenye godoro mtaishia kubonyeza godoro. Kiganja katikati ya kifua, mikono inyooke, bonyeza mpaka kifua kizame vidole vitatu, mara thelathini, haraka; kisha pumzi mbili. Alisema na mengine, lakini kelele za vicheko zilikuwa nyingi. Subana shule aliishia ya msingi, ila kuhesabu alijua, na ndiye aliyembonyeza Bwana Pamba vizuri kuliko wote.

Basi Jumanne ile alimshika Babu makwapani, akamburuta kutoka kwenye godoro, akamlaza sakafuni penye saruji. Mkasi akashika hesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Kwenye ya sita kitu kikalia, kavu, kama ukuni. Subana akadhani kuna ubao chini ya mgongo wa mzee. Kwenye ya tisa kikalia tena. Hakuacha. Bwana Pamba hakuwahi kulia hata siku moja, kwa hiyo kichwani mwake sauti ile haikuwa na mahali pa kukaa, ikabidi iwe ya ubao.

Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika ishirini na mbili. Wakati huo mikono yake ilikuwa imekufa ganzi, Mkasi ameshampokea mara tatu, na uso wa Babu ulikuwa umeanza kurudi rangi. Hakupiga chafya. Alitoa mlio mmoja mdogo, kama mtu anayetaka kukataa jambo akakosa neno.

Hospitali walikuta mbavu tatu zimevunjika na mfupa wa kifua una ufa. Daktari aliuliza aliyembonyeza ni nani, Subana akatamani sakafu immeze, lakini daktari alimpa mkono. "Ungebonyeza kwa huruma tungekuwa tunazungumza mengine. Mbavu huwa zinavunjika. Hamkuambiwa?" Kisha akamgeukia Bosi. "Sasa wewe usimdai kama mpya. Moyo huu umefanya kazi miaka tisini na tisa bila likizo."

Bosi alisikia lile la kwanza. La pili sijui kama liliingia.

*

Babu aliporudishwa nyumbani, Bosi aliwakusanya wafanyakazi wote, akamsimamisha Subana mbele, wakampigia makofi mpaka vumbi la pamba likanyanyuka. Halafu, mkono bado begani mwake, akasema, "Kuanzia leo huyu hashiki sindano. Kazi yake ni Babu. Mtu mwenye mikono ya namna hii hatuwezi kumwacha ashone pembe."

Watu wakapiga makofi tena. Subana akaitazama meza yake. Godoro alilokuwa nalo lilikuwa limebaki upande mmoja.

Bosi alimfuata kwenye ngazi. Huyu mtoto wa Babu alikuwa na miaka sabini na mmoja. Kila ngazi ilimdai magoti yote mawili. Katikati ya njia akakaa chini, akamwambia akae na yeye.

"Bado miezi mitano atimize mia," alisema. "Mia, binti yangu. Nani umewahi kumwona ana mia?"

"Sijamwona, Bosi."

"Wenzangu wote baba zao wameshaondoka, na wengine wao wenyewe wameshafuata. Mimi nikiamka asubuhi nikamsikia anakohoa juu, najua bado kuna mtu mbele yangu kwenye foleni. Unanielewa? Akiondoka yeye, nageuka nyuma naona mnanitazama mimi." Akajifuta macho kwa kiganja, bila kuona haya. "Niahidi. Likitokea tena utafanya vilevile. Usingoje mtu, usiulize mtu."

Subana akasema, "Ndiyo, Bosi." Ungefanyaje, mtu wa makamo hayo analia mbele yako kwenye ngazi?

Chumba cha juu kilikuwa na kitanda, kiti kimoja, choo chake pembeni, na dirisha la nondo linalotazama paa la ghala. Bosi alifunga kamba kando ya kitanda, akaipitisha kwenye tundu la sakafu, na mwisho wake akaning'iniza kengele juu ya meza ya Mkasi. Ukivuta, kiwanda kizima kinapanda. Chini ya ngazi aliweka mlango wa chuma wenye komeo la nje, kwa sababu wiki ya kwanza Babu alijaribu kushuka kukagua pembe akaishia ngazi ya pili. Asubuhi Subana aliingia, komeo likalia nyuma yake. Saa saba komeo lililia, sahani mbili zikaja. Saa kumi na moja lililia tena, akatoka, mke wa Bosi akapokea zamu.

Huko nje simulizi ya Mama Viatu ilikuwa imeota miguu. Siku moja alipotoka alikuta wanawake wawili wanamsubiri. Mmoja alitaka amshike mtoto wake kichwani tu, mara moja, kwa ile mikono. Mwingine baba yake alikuwa hoi, je, asingeweza kuja kumpulizia?

"Mimi sipulizi mtu, dada. Mpelekeni hospitali."

"Anaringa," alisema yule wa pili, wala hakupunguza sauti.

Mama Viatu akamvuta pembeni. "Shoga, usiniharibie. Wewe ukiulizwa cheka tu."

"Mama, alivunjika mbavu tatu."

"Mbavu nani anazitaka kwenye hadithi?"

*

Mbavu zilikuwa pale pale, juu, kitandani. Za mzee wa umri ule haziungi, zinajishikiza tu. Babu alikuwa halali ubavu wa kushoto, hakohoi mpaka ashike mto kifuani, na akisikia Mkasi chini anatania, alikuwa anaziba masikio, kwa sababu kicheko kilikuwa kinamuumiza kuliko vyote. Godoro alilolalia alilishona kwa mkono wake miaka arobaini iliyopita. Alilijua pote. "Kiunoni hapa pana njaa," alikuwa akisema. "Mimi nilijua siku ile ile. Nikasema, nani atagundua?"

Wiki ya tatu alimuuliza. Subana alikuwa anamkata kucha.

"Mjukuu wangu. Siku ile, ulisikia?"

Akajua anaulizwa nini. "Nilisikia, babu."

"Ukadhani nini?"

"Ubao."

"Ubao!"

"Bwana Pamba hakuwa analia. Hatukumtia mbavu."

Mzee akakodoa macho, mdomo ukaanza kutetemeka, akaunyakua mto akaukumbatia. "Usinichekeshe," alisema huku machozi yanamtoka. "Kosa la kiwanda... kosa la kiwanda changu mwenyewe! Nimejaza vitu maisha yangu yote, halafu..." Akashindwa kumaliza. Kicheko kiligeuka kikohozi, kikohozi kikageuka mguno, na Subana akabaki ameshika mkasi wa kucha, hajui amsugue wapi pasipouma.

Alipotulia, Babu akasema kwa sauti ya kawaida, kama anaeleza bei ya pamba, kwamba kuanguka kwenyewe hakukuwa na maumivu. "Unashona, unashona, uzi unaisha, unachomoka kwenye tundu la sindano. Huusikii. Ndivyo ilivyokuwa. Kilichouma ni kurudi."

"Nisamehe, babu."

"Nikusamehe nini? Ulifanya kazi nzuri. Mimi hata pembe zako nilikuwa sizifumui."

Hiyo ndiyo sifa aliyoitaka tangu siku aliyoingia kiwandani, na ilimjia mahali ambapo hakukuwa na pembe wala godoro. Aligeuka akatazama paa la ghala.

Kumbe mzee alishamwambia mwanawe. Alimwambia mara mbili kwamba likitokea tena wamwache. Mara ya kwanza Bosi alimwambia, "Baba, wewe bado kijana." Mara ya pili alitoka chumbani bila kusema kitu, na kesho yake akamleta fundi kuchora ukutani, kwa rangi nyekundu, namba kubwa: 100. Ili Baba aione kila akiamka. Babu aliitazama siku nzima, kisha akasema, "Wamesahau kuandika ni katoni za nini."

*

Lililobadilisha mambo ni jambo dogo. Ilikuwa saa sita mchana, joto la bati limeshuka mpaka chumbani, mashine za chini zimepumzika. Babu alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Subana alikuwa anaangalia kifua chake, kazi yake ilikuwa hiyo, kinapanda, kinashuka. Kikapanda. Kikashuka. Hakikupanda.

Alihesabu moja, mbili, tatu, nne. Hakumbuki alivyoondoka kwenye kiti. Alivuta kamba kwa nguvu hata fundo likamkata, akaruka, akaweka kiganja katikati ya kifua, akanyoosha mikono.

Macho ya Babu yakafumbuka.

Alikuwa amelala tu. Pumzi za wazee hukatika hivyo usingizini, kisha hurudi zenyewe. Lakini Subana aliyaona yale macho kutoka hapo karibu, kiganja chake bado kifuani, na hakuna usingizi uliokuwamo ndani yake. Mzee alikuwa anamwogopa. Mwili wote ulikuwa umejikunja chini ya mkono wake kama unavyojikunja mtu aliyewahi kupigwa. Mikono miwili mikavu ilipanda ikashika kifundo cha mkono wa Subana, haikuwa na nguvu hata ya kukisogeza.

"Hapana," Babu alisema. "Hapana, mjukuu wangu, hapana, hapana."

Komeo likalia. Ngazi zikajaa watu. Mkasi aliingia wa kwanza, nyuma yake wengine, mwisho Bosi, anahema, ameshika ukuta. Wakamkuta Babu ameketi, anatetemeka, na Subana amesimama kando na mikono yake nyuma.

"Alikuwa amelala," alisema. "Nilikosea."

"Afadhali kosa la hivyo kila siku!" Bosi alimkumbatia. "Mnaona? Mnaona mtu anavyokesha? Hata nzi hapiti." Akainama kwa baba yake. "Baba, umeona una mlinzi wa namna gani?"

Babu alikuwa anamtazama Subana.

Mkasi, aliyekuwa na macho pia, alichelewa kidogo mlangoni wengine walipokuwa wanashuka. "Dada," alinong'ona, "nikusaidie kumwambia Bosi akurudishe mezani?"

"Halafu atamweka nani?"

Mkasi akafikiri. "Mimi," alisema, na uso wake ukabadilika, utani wote ukamtoka. Alishuka. Komeo likalia.

Subana akakaa kwenye kiti. Mikono aliikalia, huku moja huku moja, chini ya mapaja, na subana ikamchoma nyama, akaiacha imchome.

"Itoe mikono," Babu alisema. "Haikukosa kitu."

"Nilikutisha, babu."

"Ulinitisha." Alivuta pumzi fupi fupi, zile zisizofika kwenye mbavu. "Sikiliza. Nilipokuchukua kazini, nilikufundisha uzi uwe kiasi gani?"

"Pima moja. Nikinyoosha mikono yote miwili, basi."

"Ukizidi?"

"Unajisokota."

"Sasa mimi sikuombi uniue. Mtu asikudanganye kwamba nimekuomba hivyo. Sikuombi hata umdanganye mwanangu. Utaivuta kamba yake, watapanda wote, wataita gari, sawa. Ninachokuomba ni kidogo tu. Siku hiyo, ya kweli, si ya usingizi, na wewe ndiye utakayeijua kwa kuwa unaangalia kuliko wote, kaa hapo hapo kwenye kiti. Mikono mapajani. Hesabu ile thelathini yako mara kumi. Hesabu polepole. Halafu ndipo uvute."

Thelathini mara kumi. Aliipiga kichwani kabla hajajizuia: dakika tano. Mwalimu alikuwa amesema kwamba zikipita dakika tano bila kubonyezwa, ni nadra mtu kurudi. Hilo alilisikia, wakati huo vicheko vilikuwa vimetulia.

Alifikiria Bosi kwenye ngazi, kiganja machoni. Likitokea tena utafanya vilevile. Ndiyo, Bosi. Alifikiria Mama Viatu na wanawake wawili na mtaa mzima, na swali watakaloliuliza kila mmoja, wala halitakuwa la ubaya: sasa siku hiyo yule mwenye mikono alikuwa wapi? Na angejibu nini? Kwamba alikuwepo. Kwamba alikaa kwenye kiti anahesabu. Alifikiria pia kwamba kama angekataa, wakati huo huo, kwa neno moja, angalau mzee angejua alale vipi mbele yake. Neno hilo nalo halikuja.

Ukutani namba nyekundu ilikuwa imeanza kuchuja kwa joto. Chini, mashine ya kwanza ikawaka, ya pili ikafuata.

"Vipi huko juu?" Bosi aliita kupitia tundu la kamba.

"Salama," Subana aliita.

Babu alikuwa bado ameinua kichwa kidogo kutoka kwenye mto, jambo linalomuumiza. Alikuwa hamtazami yeye sasa. Alitazama mikono ya Subana, iliyokuwa imetoka chini ya mapaja na kulala juu yake, mmoja juu ya mwingine, kama viganja vinavyowekwa kabla ya kubonyeza.

Subana akaiachanisha.

"Mjukuu wangu," alisema Babu. "Utanihesabia?"